Siku Cyril Fereday Alipojaribu Adabu

Kwenye mifereji yote ya kupitia boti, Tipton na vitongoji vyake, hapakuwa na mtu aliyejua kutukana kama Cyril Fereday, na nasema hivyo kwa heshima zote. Wengine hurudiarudia neno moja mpaka likachakaa. Cyril alitukana kwa mpangilio: anaanza na mkosaji, anapanda kwa baba yake, anamalizia na halmashauri ya mji. Alizaliwa ndani ya boti ya kubebea makaa ya mawe, akazeekea botini, na kila takataka iliyotupwa majini na watu wasio na haya ilikuja kujisokota kwenye propela yake yeye, lile panga linalozunguka chini ya boti. Mtu wa namna hiyo upole angejifunzia wapi?

Tatizo ni kwamba alipenda. Alimpenda Bi Glenys Tranter, mjane aliyeuza nyuzi na vifungo sokoni Dudley, mwanamke nadhifu, mchache wa maneno. Alimwomba waoane, waishi botini. Bi Glenys akajibu kwamba kwanza atakuja Jumapili moja aone maisha yenyewe, kisha atatoa jibu. Wiki nzima Cyril hakupata usingizi wa maana. Alisugua shaba zote za boti, akanyoa nywele za masikioni, akajiapia kwamba siku hiyo halitamtoka hata neno moja baya, hata mfereji ukijaa magodoro.

Godoro lilikuwa moja tu, lakini lilitosha.

Jumapili yenyewe hawakuwa wamefika hata daraja la pili. Boti ikatetemeka, injini ikaguna kama mzee anayenyanyuliwa kitini, moshi mweusi ukatoka, wakakwama. Cyril akazima injini, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni, maana wapo walioona uvivu wa kufanya hivyo wakapoteza vidole. Akaisukuma boti ukingoni kwa pondo. Kisha akafungua kifuniko cha chuma kilicho nyuma, juu ya propela, akalala kifudifudi na kuzamisha mkono mpaka begani katika maji ya baridi.

"Kuna tatizo, Bwana Cyril?" Bi Glenys akauliza.

"Hata kidogo, Bi Glenys. Tumepata mgeni tu."

Zikatoka kwanza soksi ndefu za kike. Likafuata pazia la bafuni lenye picha za pomboo, halafu nusu ya suruali. Siku nyingine kila kimoja kingepata hotuba yake. Leo Cyril alikiweka kando taratibu akisema "Naam," au "Ajabu kweli," au "Watu ni wasahaulifu, jamani." Uso ulikuwa umemwiva na mshipa wa shingo umesimama.

Jirani yake wa siku nyingi, Len Gutteridge, alikuwa amefunga boti yake papo hapo ukingoni. Akatoka na kikombe cha chai na kiti, kwa sababu Cyril akifungua kifuniko watu hawabaki ndani, hutoka kusikiliza matusi.

"Cyril wee! Mbona kimya? Umeokoka?"

"Habari za asubuhi, Len."

Chai ikammwagikia Len. "Habari za asubuhi? Mama yangu! Dada, huyu mtu mgonjwa, ameanguka wapi?"

"Len, ndugu yangu mpendwa, nenda kanywe chai yako ndani."

"Ndugu mpendwa! Juzi umeniita panya wa chooni! Mimi nimetoka na kiti kabisa, unaniletea mahubiri?"

Cyril akamtupia jicho Bi Glenys. Alikuwa ameketi wima, kikapu mapajani, midomo imebanwa, na hakuonekana kufurahishwa na chochote. Cyril akazidi kutabasamu.

Ndipo akafikia godoro lenyewe. Kitambaa kilikuwa kimejikaza kwenye mhimili wa propela, na springi zimejifunga juu yake. Akakata kwa msumeno wa chuma, akavuta kwa koleo, akakata tena. Springi moja ikafyatuka na kumchoma kiganjani. Akaruka kwa maumivu, akagonga kisogo kwenye mlango wa chuma, na kofia yake mpya ikaangukia majini.

"Baradhuli mwana wa baradhuli!" akanguruma, na bata wote wakaruka. "Nani kalitupa hili? Hayawani! Kalelewa jaani, kanyonyeshwa na mbweha! Na baba aliyemzaa, na babu aliyemruhusu baba yake kuoa, na madiwani wote wanaokula keki huku mfereji unaoza, walale uchi juu ya springi hizi mpaka siku ya kiyama, na chini yao alale Len!"

Len akapiga makofi. "Huyo sasa! Karibu tena nyumbani!"

Cyril akakumbuka alikuwa na nani. Akatoa mabaki ya godoro, akakikaza kifuniko vizuri boti isije ikajaa maji, akajifunga kitambaa mkononi. Alikuwa mtu mzima wa miaka karibu sabini, na alitaka kulia.

"Nisamehe, Bi Glenys. Kituo cha basi kipo pale darajani. Nitakubebea kikapu."

"Kaa chini, Bwana Cyril. Nilishaamua kukukataa."

"Najua."

"Hujui. Niliamua kabla hujatukana. Nilipokuona umeshika suruali ya mtu inayochuruzika matope, unasema 'Ajabu kweli,' nikajisemea, Mungu wangu, Hubert mwingine huyu."

Hubert alikuwa marehemu mumewe. Hakuwahi kumpandishia sauti. Kila Jumapili mkewe alimpikia pai ya nyama na figo, naye alisema asante mpenzi, tamu sana. Siku chache kabla ya kufa, akiwa hoi kitandani, ndipo akamwambia kwamba hakuwahi kuipenda.

"Maisha yangu yote na mtu," akasema Bi Glenys, "hata tumbo lake sikulijua."

Akafunua kikapu, akatoa pai, akakata kipande kikubwa na kumkabidhi.

"Kula. Kisha useme."

Cyril akatafuna kwa muda mrefu. Neno jepesi lilikuwa palepale mdomoni, na alimtaka mwanamke huyu kuliko kitu chochote duniani.

"Bi Glenys," akasema mwishowe, "hii pai mbaya. Mbaya kabisa. Figo zinanuka, unga haujaiva, na chumvi sijui ulimkasirikia nani. Yule marehemu alikuwa shujaa."

Bi Glenys akacheka mpaka akashika ukingo wa boti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa kitambo hayakuwa ya kicheko.

"Nitahamia mwezi ujao," akasema huku akijifuta. "Na utapika wewe."