Maji Yaliyolala

Wiki iliyopita fundi bomba alinionyesha kipande cha bomba la kijivu, akakikunja kwa mikono miwili kama anakunja mkanda wa suruali, akacheka. "Dada, hii siyo chuma. Hii ni risasi." Tulikuwa tumesimama jikoni kwa bibi, au tuseme mahali palipokuwa jikoni kwa bibi, maana mjomba ameshaiuza nyumba na mwenye nyumba mpya anaigeuza kuwa loji ya watalii wanaopanda Ngorongoro. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua kinu cha bibi kilichosahauliwa stoo. Niliondoka na kinu, na kile kipande cha bomba nikakitia mkobani.

Huyo mwenye nyumba mpya ana kitambi, na miwani ya jua haivui hata akiwa ndani. Alinieleza kwa fahari kwamba alipeleka maji ya bomba lile yakapimwe Arusha, na jibu likarudi kwamba yana madini ya risasi, sumu inayoingia mwilini kidogo kidogo na kuharibu akili za watoto wadogo kabla ya kitu kingine chochote. "Mgeni wangu akidhurika hapa, mimi nimekwisha," alisema. Nikamuuliza, na sisi tulioyanywa tangu tunazaliwa? Akanitazama juu mpaka chini. "Ah, nyie si mmeshayazoea?" Mtu wa namna hiyo ukimjibu unampa heshima asiyostahili.

Sasa, rafiki yangu, kaa nikusimulie tulivyokuwa tukiringia sumu.

Nyumba ile tuliachiwa na mzungu mmoja mwenye shamba, ambaye babu alikuwa mpishi wake. Kuta za mawe, bati lililopakwa rangi nyekundu, na nyuma yake tanki kubwa la maji ya mvua. Kutoka tankini bomba lilipita ukutani mpaka jikoni, likaishia kwenye koki ya shaba ambayo bibi aliisugua kwa majivu kila Jumamosi kabla ya kwenda kanisani kufanya usafi. Katika kitongoji chetu chote, nje kidogo ya mji wa Karatu, hakuna mwingine aliyekuwa na bomba ndani ya nyumba. Tulikuwa na njaa kama wengine, viatu hatukuwa navyo kama wengine, lakini bomba tulikuwa nalo, na kwa bomba lile tulijiona watu wa maana.

Mama jirani yetu alichota maji korongoni, kwenye chemchemi, na punda wake aliyebeba madumu manne. Watoto wake walipita mbele ya nyumba yetu asubuhi wakitetemeka kwa ukungu unaoshuka kutoka msituni, miguu myekundu kwa udongo. Sisi tulisimama mlangoni na vikombe vyetu vya bati tukinywa polepole ili watuone. Tuliwaita "wanywa na punda". Bwana afya alipokuja na pikipiki yake kukagua vyoo, alikunywa kikombe kizima jikoni kwetu, akafuta masharubu, akasema, "Haya ndiyo maji." Kisha akaenda kumfokea mama jirani kwamba asipochemsha atawaua watoto. Tukamcheka mpaka akafunga mlango. Nikikumbuka kicheko kile natamani nirudi nikajizabe makofi.

Na bibi alikuwa na desturi yake. Aliamini kwamba maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba ni bora kuliko maji yote. Yalikuwa baridi yenye utamu kidogo, utamu ambao mpaka leo naukumbuka kwenye ulimi. "Maji yaliyolala yametulia," alisema, "nayo humtuliza mtoto." Kwa hiyo kikombe cha kwanza cha asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa koki, kilikuwa cha mdogo wangu. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama paka, na mama alifariki mwezi uleule, hivyo bibi akamlea kwa mikono yake na kwa kikombe kile. Mimi nilikuwa wa pili kunywa. Wa mwisho alikuwa bibi mwenyewe, baada ya kuosha vyombo na kuteka ya makande, wakati bomba limeshatiririka vya kutosha na yaliyobaki, kwa maneno yake, hayana ladha.

Fundi bomba ndiye aliyenifafanulia, na muuguzi wa mjini akathibitisha. Maji yakikaa usiku mzima ndani ya risasi huibeba ile risasi. Kikombe cha kwanza ndicho kibaya kuliko vyote.

Mdogo wangu akawa mtoto wa kulialia tumbo. Kila tumbo lilipomuuma bibi alimwongezea kikombe. Shuleni alisahau leo alichofundishwa jana, akarudia darasa la pili, akarudia tena. Mwalimu wetu, mwanamume aliyependa fimbo kuliko chaki, alimtoa darasani kwake, akamsimamisha mbele ya darasa letu na kutuambia tumtazame vizuri ili tujue kilaza anafananaje. Tulimtazama. Mimi nilikuwa dawati la tatu, nami nilicheka pamoja na wenzangu ili nisionekane ndugu yake. Watoto wa mama jirani, wale wanywa na punda, walishika namba za juu kila muhula, na nyumbani kwetu tukasema mama yao ameenda kwa mganga. Mjomba ndiye aliyeanza uvumi huo, akiwa ameegemea koki ya shaba na kikombe mkononi.

Darasa la nne mdogo wangu aliacha shule na hakuna aliyemzuia. Leo anaishi Mbulumbulu, analima maharage na ngano kidogo, ana mume mpole na watoto wawili. Nyumba ilipouzwa sisi tuliosoma tulianza kutoa sababu, mara kazi, mara chumba kidogo. Yeye hakutoa sababu. Alimchukua bibi siku ileile.

Kwake ndiko nilikokwenda na kinu, na kipande cha bomba. Niseme ukweli, nilikwenda nimevimba. Nilitaka kila mtu ajue, bibi akiwa wa kwanza. Nilimkuta mdogo wangu uani akichagua maharage kwenye ungo, bibi amelala ndani. Nikamweleza yote, nikamwekea kile kipande mapajani. Alikigeuza geuza kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo, dada, mimi sikuwa kilaza?"

Nilimwambia alichoniambia muuguzi, kwamba baada ya miaka mingi hivi hakuna anayeweza kujua kwa hakika. Pengine ni maji. Pengine ni kuzaliwa mapema. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchagua, jiwe huku, haragwe huku.

"Na wewe uliniita hivyo."

"Nilikuita."

"Haya." Akanirudishia kipande. "Bibi asijue."

"Lazima ajue! Mjomba ajue, yule mwalimu ajue, wote..."

"Hao waambie ukitaka. Bibi, hapana. Alikuwa ananipa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Utamwambia nini?"

Mimi niliyesoma nikakirudisha kipande mkobani.

Nililala huko. Alfajiri nilisikia bibi akijikongoja jikoni. Macho yake hayaoni vizuri sasa, anapapasa ukuta. Maji ya pale ni ya mvua, kutoka tanki la plastiki, na yeye huyateka jioni, akayafunika ndani ya ndoo ili yalale. Alichovya kikombe cha bati, kilekile, akakileta kitandani kwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili. "Kunywa mama, kabla wengine hawajaamka."

Nyumba imekwenda, koki imekwenda, na bomba lile sasa liko kwenye lundo la vyuma chakavu, isipokuwa kipande kilichokuwa mkobani mwangu. Waliokuwa wakicheka nasi au kuchekwa nasi wametawanyika. Nawadharau wengi katika hadithi hii, na msichana wa dawati la tatu namdharau kuliko wote.

Mdogo wangu aliketi, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho huku akinitazama juu ya ukingo wake.

"Matamu, bibi," akasema.