Kicheko Changu Studioni

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa za studio bado inanikaba koo. Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Pumwani, Nairobi. Televisheni ilikuwa bado kitu kigeni, na baba yangu ndiye aliyekuwa mchekeshaji katika kipindi cha burudani cha kila Jumamosi jioni. Walimwita Mzee Sufuria. Kipindi kilirushwa moja kwa moja, na watazamaji walioalikwa studioni waliziogopa kamera, wakakaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Kwa hiyo Baba alinikalisha mstari wa mbele. "Wewe cheka tu, kwa sauti," aliniambia. "Wenzako watafuata." Nilijaliwa kicheko kikali chenye kwikwi mwishoni, na kweli walifuata. Nilivimba kichwa.

Msimu ule vichekesho vilianza kumwishia, na wakubwa wa kipindi wakamwonya kwamba wangeleta mwingine. Jumamosi moja akatokea jukwaani amejifunga leso ya Mama, kanga ile ya zambarau aliyokuwa akiitafuta tangu asubuhi, akaanza kuchechemea. Mama alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Baba alimwiga barabara, anavyojishika kiuno, anavyopumzika kila hatua ya tatu. Studio ikanyamaza. Baba akanitupia jicho. Nilijua kabisa anachekwa nani, na nikacheka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama alikuwa akitazama kwa jirani, pamoja na nusu ya mtaa. Tuliporudi alitupakulia chakula, akaniambia neno moja tu: "Nilikusikia." Baba alikirudia kichekesho hicho msimu mzima, na kila Jumamosi kicheko nilikianzisha mimi. Watoto wa mtaani wakawa wanamfuata Mama sokoni wakichechemea. Baba alipokufa, watu walimsifu kwamba alilichekesha taifa. Hakuna aliyemtaja Mama.

Sasa Mama anakaa nami hapa Takoma Park, Marekani. Kutwa nawashika mikono wazee wa watu kazini, kwenye makao ya wazee kule Silver Spring, nawasaidia kutembea, kisha narudi kumshika wangu. Nilijidanganya kwamba hiyo ni toba tosha. Jumapili iliyopita mtu alituma kipande cha kipindi kile, kumbe kilirekodiwa, kwenye kundi la ukoo, na mjukuu wangu Salma akakifungua kwenye simu sebuleni. Picha imefifia, lakini kicheko changu kinasikika vizuri mno. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaomba kigari chake cha kuegemea anapotembea, akaelekea chumbani, akipumzika kila hatua ya tatu. Salma akaitazama simu, akamtazama Mama, akacheka kwa sauti.

"Oh my God, it's her!" Yaani, yule wa kwenye simu ndiye huyu.

Nilimkaripia Salma, nikamwambia hana adabu. Mama akasimama mlangoni bila kugeuka.

"Mwache mtoto," alisema. "Yeye hajui. Wewe ulijua."

Kisha akafunga mlango.