Metresi aliyeketi chini na watoto

Ndugu zangu, moyo wangu bado unakataa. Metresi Charlotte ametutoka jana asubuhi. Homa ya siku tatu tu. Yezu wangu!

Siye tuliokimbia vita toka Bule mpaka hapa Bunia tunamujua. Alifundisha watoto wetu kambini, chini ya bashi, turubai tu, bila hata banc moja ya kukalia.

Neema wangu alikuwa na miaka sita. Toka siku ya kukimbia hakusema tena, hata jina yake. Nilifunga, nikaomba. Kimya.

Siku moja nikaenda kuangalia masomo. Naona nini? Metresi ameketi chini, na mutoto ndiye iko mbele na chaki!

Nikakasirika. "Metresi, umechoka? Watoto ndio wanafanya kazi yako?"

"Keti na weye, Mama Neema. Mwalimu wetu hapendi kelele."

Juma lililofuata akaleta kikwembe cha kubebea na kitoto cha vitambaa. "Mimi sijui kubeba mutoto mugongoni. Nani atanifundisha?"

Neema alijua. Njiani toka Bule, kila nilipochoka, yeye ndiye alibeba mudogo wake.

Metresi anafunga, kitoto kinaanguka. Anafunga tena, kinaanguka. Watoto wanacheka. Mimi nimesimama kando, rozari mukononi.

"Si vile!"

Ndugu zangu, ile sauti! Neema amesimama. "Inama kwanza, Metresi. Inama tena. Sasa vuta!" Akafundisha darasa lote, hata wavulana. Mimi machozi tu.

Nikamuuliza metresi kama kweli hakujua. Akacheka. "Nimelea wane, mama. Lakini vile Neema anafunga, mimi sikujua."

Toka pale Neema akaanza kunifundisha na mimi. Niliishia darasa la pili primaire, kusoma nilikuwa nimesahau. "Mama, keti chini," ananiambia. Haya yote munayosoma nimeandika mwenyewe. Yeye amesahihisha, na amenigombeza.

Leo kwenye kilio, directeur, mukubwa wa masomo, alisimama kuongoza sala. Neema, sasa iko na miaka tisa, akamwambia polepole: "Papa, keti na siye." Akamusimamisha Sifa, mudogo kuliko wanafunzi wote, yule anayeogopa hata kuitwa.

Sifa alianza Salamu Maria, akakwama katikati. Hakuna aliyemusaidia. Wakubwa wote tuko chini kwenye majani, tunangoja.

Akaendelea mwenyewe. Akamaliza yote.

Metresi, umesikia? Pumzika sasa. Lala katika mikono ya Bwana, siye tumebaki tumeketi.