Watoto wa Uani kwa Taaka

Kwa miaka kumi na minane Taaka aliuza dagaa wa Majanji, wale wanaoitwa mukene upande wa Uganda na omena upande wa Kenya. Alfajiri alikuwa ziwani, saa nne yuko sokoni Busia, na magunia aliyapandisha na kuyashusha mwenyewe. Kisha mgongo ukakataa. Daktari alimkanya asinyanyue tena kitu kizito kuliko nusu ndoo ya maji, na Taaka, ambaye hakuwahi kushinda nyumbani ila siku za uzazi na za msiba, akajikuta ameketi kwenye mkeka akisikiliza kuku. Binti yake wa mwisho, Barbara, alikwisha kuolewa Lumino. Taaka alibaki na mumewe Oguttu, fundi baiskeli asiye na maneno mengi.

Nyuma ya nyumba yao palipita njia ya mkato iendayo sokoni. Kila asubuhi alipita hapo Selpher, mwanamke Mkenya aliyevuka mpaka kuuza mitumba, furushi kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Lorine, alikuwa na miezi saba, na joto lilikuwa limemtoa vipele shingoni. Siku moja Taaka alishindwa kuvumilia.

"Mama, huyo mtoto naungua na jua," alimwita. "Wacha yeye hapa. Mimi niko tu."

Selpher alisimama. "Lakini hunijui, mama."

"Nakuona kila siku unapita. Na wewe unaniona kila siku nimekaa. Sasa tunajuana namna gani ingine?"

Selpher alimwacha kwa saa moja, na ndani ya saa hiyo alirudi mara tatu kuchungulia. Mara ya tatu alimkuta Lorine amelala kivulini, uji umemkaukia kidevuni. Kesho yake alimwacha hadi alasiri. Mwezi haukuisha kabla uani hapajawa na watoto watano, mama zao wote wakiwa wanawake wa sokoni, na wakubwa kati yao wakimwita Taaka "Kukhu", kama wajukuu wa Kisamia wanavyomwita bibi yao.

Oguttu alinung'unika kwamba nyumba imegeuka kituo cha basi. Hata hivyo, Taaka aliona kuwa siku hizi anakuja kula chakula cha mchana nyumbani, jambo ambalo hakulifanya walipokuwa vijana.

Mtoto ambaye Taaka alimpenda zaidi, ingawa hakumwambia mtu, alikuwa Edwin, mwenye miaka mitatu. Mama yake, Jovia, alipika kwenye kibanda cha chakula karibu na foleni ya malori. Edwin alikuwa mtoto wa maswali, na miguu yake haikukaa.

Siku moja, Taaka alipokuwa ndani akimbadilisha Lorine nepi, Edwin aliondoka. Taaka alipotoka nje akahesabu, walikuwa wanne. Akahesabu tena. Aliita, akazunguka choo, akachungulia kwenye mahindi ya jirani. Kisha akasikia trela likipiga honi barabarani, akamwita mumewe kwa kelele. Oguttu, aliyekuwa anakula, aliacha sahani akakimbia bila viatu.

Alimkuta kando ya barabara, ameketi chini ya meza ya Mable, muuza mananasi, maji ya nanasi yakimchuruzika hadi viwikoni.

"Nilimwuliza mama yake nani," Mable alisema, "akanijibu mama yake ni Mama. Nikaona nimshike hapa mpaka mtu aje."

Jirani mmoja alimshauri Taaka anyamaze. Mtoto amepatikana, hana hata mkwaruzo, ya nini kumtia mama mtu hofu?  Jovia alipofika alasiri, Taaka alimsubiri aketi kwanza.

"Mtoto yako alipotea leo," alimwambia. "Nilikuwa ndani na yeye akatoka. Tulimpata barabarani kwa Mable. Ni kosa langu."

Jovia alimkagua Edwin kichwa hadi vidole, akambeba, akaondoka. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa pia hakuja.

Siku ya tatu Taaka alikwenda mwenyewe kwenye kibanda. Alimkuta Edwin amefungwa kwa leso kwenye mguu wa meza, hatua mbili kutoka kwenye sufuria la maharage yanayochemka. Mtoto alimnyoshea mikono.

"Angalau hapa namwona," Jovia alisema, macho yakiwa kwenye maharage.

"Ni kweli," Taaka alijibu. "Mimi sikuja kubishana. Nakuja kukuomba uone kitu, halafu utaamua wewe."

Kitu chenyewe kilikuwa kazi ya Oguttu. Kwa siku mbili alikuwa amefunga karakana, akachimbia miti ya mikaratusi kuzunguka uwanja wote, akaweka lango lenye komeo juu kabisa. Jovia alikuja na Edwin mgongoni, akalitikisa kwa mikono miwili, akalisukuma kwa bega, akapita nyuma kutafuta mwanya. Oguttu alisimama pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Aliyejenga hapa anawajua watoto," Jovia alisema mwishowe, akamweka Edwin chini.

Baada ya hapo kanisa lilitafuta wanawake wanaolea watoto wa wenzao wapelekwe Tororo kufundishwa siku tatu, na Taaka akaandikisha jina. Alijifunza kwamba mtoto mchanga alazwe chali, na kwamba mlezi asiingie ndani na mtoto mmoja bila kumwachia mtu wale wengine. Alishangaa zaidi kusikia kuwa kuongea na mtoto asiyejua kujibu ni kazi, tena kazi kubwa. Yeye alidhani ni mazoea yake tu ya kupiga soga. Siku hizo tatu Barbara alikuja kumshikia nafasi, na alimsimulia mama yake kuwa Oguttu aliwaonyesha watoto jinsi gurudumu linavyozunguka, wakakataa kulala.

Lorine alitembea Jumanne moja asubuhi, mama yake yuko sokoni. Hatua nne, kutoka kwenye mkeka hadi kwenye goti la Taaka. Taaka alimkumbatia, machozi yakamtoka, kisha akamgeukia mumewe.

"Wewe hukuona kitu," alimwambia.

"Nimeona."

"Hukuona. Wacha mama yake ndiye aone ya kwanza."

Alasiri Selpher alipofika, Taaka alimwomba achuchumae na kumwita mtoto kwa jina. Lorine alisimama, akayumba, akamwendea. Selpher aliweka mkono mdomoni.

"Mama Barbara, umeona? Ameanza leo, mbele yangu."

"Nimeona," Taaka alisema. "Alikuwa nakungojea."

Oguttu aligeuza uso upande wa pili, akakohoa kwa muda mrefu.