Taa Zilizotuvusha Kigongo

Gari tuliachiwa na mmisionari mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao, kaskazini kabisa mwa Ulaya, nchi ambayo jua la Desemba linachungulia tu na kuondoka. Kwa sababu hiyo magari ya kwao yametengenezwa taa ziwake zenyewe ukizungusha ufunguo, mchana kweupe, na swichi ya kuzizima hakuna. Mume wangu alikuwa amemfundisha mzee yule Kiswahili kwa miaka minne, na gari ndilo likawa shukrani. Mimi nilidhani tumepata gari. Kumbe tulipata kazi ya kujibu maswali.

Mwanza nzima ilitaka kutusaidia. Mtu yuko ng'ambo ya barabara, anainua mkono, anafumba na kufumbua vidole: taa. Wapanda baiskeli, wauza samaki, askari wa barabarani, wote: "Mwalimu, taa!" Siku moja pale Mabatini mama mmoja aliacha kupima dagaa, akaja mpaka dirishani kutuambia, halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mke umekaa tu unamtazama?"

Hilo lilimuuma mume wangu. Kwao ni Bukoba, watu wa shule na pasi ya mkaa, na hakuna kitu alichokichukia kama kuonekana mtu anayesahau. Ungedhani atamwambia fundi azikate zile taa. Hapana.

"Zinaonekana ndogo, ndiyo maana wanafikiri nimesahau," alisema. "Tukiongeza kubwa mbele, watajua nimekusudia."

Nilikuwa na mtoto wa miezi minane kifuani, na bado mimi ndiye niliyekuwa na akili timamu kuliko wote ndani ya nyumba ile ya Kiseke, ukimtoa mtoto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo nilipokuwa shule hatukuviona hata kwenye picha, na mume wangu alirudi na spotilaiti mbili, mviringo kama sahani za pilau, zimefunikwa vifuniko vya njano vyenye kichwa cha simba. Akaziweka mezani, tukala chakula cha jioni tukiangaliana na simba.

Mimi nilikuwa na jambo langu, na nililisema kwa sauti. Nilikuwa na barua ya usaili wa kozi ya uuguzi, hospitali ya misheni ng'ambo ya Busisi, Jumatatu, saa nne kamili, atakayechelewa ahesabiwe hakuja. Mwaka uliotangulia waliniita nikashindwa kwenda kwa sababu siku ile ile nilikuwa leba. Na walikuwa hawachukui mtu aliyemaliza kidato cha nne zaidi ya miaka mitatu nyuma. Kwangu mwaka huo ulikuwa wa tatu. Nikamwambia mume wangu, gari hili usiliguse mpaka Jumatatu ipite.

Jumamosi akalipeleka kwa fundi.

Nilimfuata Mabatini na mtoto mgongoni. Fundi umeme alikuwa mzee wa makamo, miwani imefungwa kwa waya wa shaba, boneti iko wazi na yeye amezama humo mpaka kiunoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kutoka ndani ya injini. Alikuwa na kile kitaa chake cha kupimia, chenye ncha kama sindano. Anachoma waya, kitaa kinawaka, anatikisa kichwa kama daktari.

"Huu hapa," alisema. "Huu unapata moto ufunguo ukizungushwa tu. Tunaunga hapa, kazi imekwisha. Swichi ya nini."

Mume wangu alifurahi kama ameambiwa amepandishwa cheo.

Mimi fizikia nilipata C. Nikasema, "Mzee, huo ni waya wa zile taa ndogo. Ukiunga hapo, hizi kubwa nazo zitawaka kutwa nzima."

"Ndiyo kazi ya taa, mama. Kuwaka."

"Kawaida zinaunganishwa na fulu, zile taa kali za usiku, ziwake mtu akiwasha fulu. Na moto wake unatoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi yake, na relei yake, kile kiswichi cha kupitisha umeme mkubwa. Waya huo ni mwembamba. Utachemka."

Fundi akatoka ndani ya boneti. Akamtazama mume wangu, siyo mimi. "Mwalimu, huyu ni nani wako?"

"Mke wangu."

"Relei ni ya honi," alimweleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa. Kisha akanisogezea kigoda. "Mama, kaa kivulini na mtoto."

Nilikaa kivulini. Sikukaa kwa kukubali. Nilikaa kwa sababu mtoto alikuwa amelowa. Fundi akamenya waya kwa meno, akasokota, akazungushia tepu nyeusi, waya wa athi, wa kurudishia umeme, akaufunga kwenye boliti ya bampa. Alipozungusha ufunguo, taa nne ziliwaka pamoja kwenye jua la saa saba, na kuku waliokuwa wanaparua mbele ya duka jirani wakakimbia.

Jumatatu tuliondoka mapema. Nilivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili, nikajifunga kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Sasa nielewe vizuri, msomaji, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelewa mpaka tulipopita Usagara. Kwetu gari likiwasha taa kubwa mchana, limebeba msiba. Vile vitaa vidogo watu waliviona usahaulifu. Taa nne haziwezi kuwa usahaulifu. Wapanda baiskeli walishuka. Mzee mmoja alivua kofia akaibana kifuani. Lori la pamba lilitupisha mpaka likaingia majanini.

"Unaona heshima?" mume wangu alisema.

"Wanadhani tuna maiti."

"Lakini wanapisha," akasema.

Kukawa na harufu ya tepu inayoungua. Alisema ni watu wanachoma mabua.

Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi, foleni ilikuwa ndefu. Malori, mabasi, pikapu za ng'ombe. Nilihesabu magari, nikatazama saa, nikaona usaili wangu unaondoka bila mimi. Hapo mfanyakazi wa kivuko akaziona taa zetu. Akapuliza filimbi, akasogeza basi zima pembeni, akatuita kwa mkono. Kwenye vivuko vyetu msiba haupangi foleni.

Mume wangu alinitazama. Nilijua ni dhambi. Nikatazama saa tena. "Twende," nikasema. Hiyo sitamsingizia yeye.

Tukawa gari la kwanza kivukoni, mbele kabisa. Injini ikazimwa, ndiyo sheria, lakini mume wangu akauzungusha tena ufunguo bila kuwasha injini, ili taa ziendelee kuwaka.

"Zima," nilimwambia.

"Nikizima watajua."

"Betri itakufa."

"Ni dakika chache tu."

Wanawake wakaanza kuja dirishani. "Poleni, poleni sana." Bibi mmoja Msukuma aliinama akanishika mkono. Mtoto akaanza kulia, basi wote wakaona analia kwa uchungu.

"Nani katutoka, mwanangu?" bibi aliuliza.

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniwahi, sauti ameishusha kama mchungaji: "Ni mtu wa karibu sana."

Wakaanzisha wimbo wa kanisani. Tulivuka ziwa tunaimbiwa, na taa zinazidi kuwa nyekundu, nyekundu, kama macho ya mtu mwenye homa. Tulipogusa Busisi zilikuwa zimezimika. Mume wangu akazungusha ufunguo. Gari lilitoa mlio mmoja, tk, basi. Nyuma yetu lilikuwa basi, malori mawili na ng'ombe, wote hawawezi kutoka mpaka sisi tutoke.

"Tusukume marehemu," mtu akasema kwa huruma, na wanaume wanane wakashika gari. Waliposogea nyuma wakachungulia ndani. Kulikuwa na furushi la nepi na ndoo.

"Maiti iko wapi?" aliuliza mfanyakazi wa kivuko.

Mume wangu aliangalia ziwa. Mimi nikashuka.

"Hakuna aliyekufa," nilisema. "Fundi kaunga taa pasipostahili, na sisi tumekaa kimya kwa sababu nawahi usaili wa unesi saa nne. Tuliokosea ni sisi. Mnisamehe, lakini nitukaneni nikirudi."

Walinitukana hapo hapo, huku wakilisukuma gari mpaka nchi kavu. Mtoto nilimkabidhi baba yake, pamoja na nepi, pamoja na umati. Bibi yule wa Kisukuma alinitazama juu mpaka chini, kisha akacheka mpaka akashika magoti. Akampigia kelele dereva wa pikapu ya ng'ombe: "Mchukue huyu. Mwongo wake yule pale kabaki."

Nilifika saa nne kasoro dakika tano, nanuka zizi. Habari zilikuwa zimenitangulia, sijui kwa miguu ya nani. Sista aliyekuwa mlangoni alinipokea kwa mikono miwili.

"Pole, binti. Tumesikia una msiba. Kama hujisikii vizuri tutaandika kwamba hukuja kwa sababu ya msiba, uombe mwakani."

Mwakani. "Sina msiba, Sista," nilisema. "Nina mume."

Yeye hakucheka. Waliokuwa mezani ndani ndio waliocheka, watatu, na mmoja akasema aingie huyo, wa kwanza.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Ilisema nije na shuka mbili, kikombe, sahani, na nisije na mtoto. Niliisoma kwa sauti mara mbili nikiwa nimesimama, mume wangu ameshika chupa ya uji. Aliuliza mtoto anakula saa ngapi. Nikamwandikia kwenye karatasi.