NIMEZIBA MLANGO WA CHUMBANI KWETU, UKWENI WANATAKA NIUFUNGUE

Admin, jina langu libaki kwako, maana Korogwe ni ndogo na mawifi zangu wote wako humu. Nina miaka thelathini na nne, ni fundi cherehani, nimeolewa na nina watoto wawili. Tunaishi Kilole kwenye nyumba aliyoacha baba mkwe, pamoja na mama mkwe na shemeji yangu ambaye hajaoa.

Kwanza muielewe hiyo nyumba. Mlango wa kutokea uani uko ndani ya chumba tunacholala mimi na mume wangu. Hakuna mwingine. Choo, bafu na jiko vyote viko uani, kwa hiyo kila anayetaka kuoga au kujisaidia lazima apite pembeni ya kitanda chetu. Marehemu baba mkwe aliuweka pale kwa sababu alifuga mbuzi uani na alitaka alale karibu nao. Mbuzi wameisha, mzee ametangulia mbele ya haki, mlango ukabaki.

Nimeishi hivyo tangu naolewa. Nimejifunza kuvaa nguo nikiwa nimejibanza nyuma ya kabati. Shemeji anagonga huku ameshaingia, wageni wa mama mkwe hata kugonga hawagongi. Nikimlalamikia mume wangu ananijibu, "Wanapita tu, hawakai." Nikaomba ushauri kwenye kundi la akina mama, wakaniambia niweke pazia. Nikashona pazia zito, zuri. Watu wakawa wanafutia mikono wakitoka chooni.

Mwaka jana mimba yangu iliharibika. Nilitoka hospitali nikalala nimegeukia ukutani, sitaki kumwona mtu. Jioni ile shemeji alikuwa amealika wenzake kuangalia mpira. Wakawa wanapita, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasimama kabisa miguuni kwangu akasema, "Pole sana Mama Zuhura. Eti, maji ya chooni yapo?" Nikamwambia yapo. Yaani nimempoteza mtoto, halafu namwelekeza mwanaume wa watu ndoo ilipo! Nililia sana siku ile, lakini nilipomaliza kulia nilikuwa nimeshaamua.

Juzi juzi mume wangu na mama yake walikwenda Handeni kwenye arobaini ya ndugu yao. Shemeji yuko kazini Ngombezi, anarudi jioni. Nikamwita fundi. Sebule yetu ina dirisha linalotazama uani, akagongagonga ukuta juu yake akasema, "Hapa juu lenta ipo, ndiyo inabeba ukuta, tukilishusha chini linakuwa mlango, nyumba haipati shida." Nikamwambia ashushe. Ule mlango wa chumbani nikamwambia aung'oe, auweke pale sebuleni, na pengo lake alizibe kwa tofali. Hela ni ya cherehani yangu, sikumwomba mtu. Jioni nilifunga mlango wa chumba changu uliobaki, wa upande wa ndani, kwa komeo, nikakaa kitandani na kanga moja, jua bado halijazama. Jamani, nilicheka peke yangu.

Waliporudi, mama mkwe akanyoosha moja kwa moja chumbani kwangu kama kawaida. Akakuta ukuta. Akaniita, "Mama Zuhura! Umeifanya nini nyumba ya mume wangu?"

Nikamjibu, "Shikamoo mama. Uani sasa tunapitia sebuleni."

Kilichofuata ni kikao. Baba mkubwa wa mume wangu alitoka Kerenge, mawifi wakajaa. Wifi mkubwa akasema, "Amekulia kambi ya mkonge, familia nzima chumba kimoja, leo ndiyo anajua faragha?" Nikamwambia ni kweli, tulilala chumba kimoja, tumegawa kwa kanga ya mama yangu, na hakuna mgeni aliyewahi kuivuka ile kanga.

Baba mkubwa akataka niombe radhi na niurudishe mlango mahali pake. Mama mkwe akadakia, "Mimi nimezalia watoto wangu wote kwenye chumba kile, watu wakipita. Nilikufa?"

Nikamwambia, "Hukufa mama. Lakini ulikuwa unapenda?"

Aliinama, akaanza kukunja pindo la kanga yake. Alilikunja na kulikunjua hadi kikao kikaisha. Niliona kabisa nimemgusa mahali, na nikamwonea huruma, lakini sikurudi nyuma. Nikawaambia wazee kwa heshima zote kwamba kwa kujenga bila kumshirikisha mume wangu naomba radhi. Kwa ule ukuta siombi.

Mume wangu hakunitetea. Tangu siku hiyo analala sebuleni. Ananiambia nimemvua nguo mbele ya ukoo, na kwamba Jumamosi analeta fundi wake abomoe. Nikikataa nibebe mabegi niende kwetu. Cha ajabu, yeye mwenyewe anatokea uani kwa mlango mpya kila asubuhi, na shemeji vilevile. Hata mama mkwe, jana nilimwona amekalia kizingiti cha mlango huo anachambua mchicha, upepo unampiga. Aliponiona akasema tu, "Hapa pana baridi nzuri." Sijui nilichukulieje neno lile.

Mume wangu nampenda, hanipigi, watoto anawajali. Sitaki ndoa ivunjike kwa ajili ya tofali. Lakini Zuhura wangu anakua, na mimi sitamfundisha kuvaa nyuma ya kabati.

Ndugu zangu, niambieni: nimfuate mama mkwe niongee naye kabla ya Jumamosi, au nikae kitandani kwangu nimsubiri huyo fundi? Nipeni mawazo namna ya kumrudisha mume wangu chumbani. Ila mwenye ushauri wa kuufungua ule mlango, asijisumbue kuandika.