Kamba Moja, Mashamba Mawili

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupima ardhi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mkuu wangu, Bwana Mpima, alinipeleka Ombaci, nje ya mji wa Arua, nichore mraba ardhini. Nilipima pande nne kwa mnyororo, zote sawa, nikapiga vigingi. Akatazama kidogo.

"Umepima pande. Pembe umeachia nani?"

Akanipimisha milalo, yaani mistari inayotoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Mmoja ulikuwa mrefu, mwingine mfupi. Nilikuwa nimechora rombasi: pande zake ni sawa kama za mraba, lakini imeinama. Mstatili, akasema, pande zake zaweza kutofautiana, ila milalo hulingana. Mraba una yote mawili.

Baadaye tulihamishiwa Koboko. Huko Abuku tukaitwa na mama mmoja mjane. Wanawe, Rajabu aliyetoka jeshini na mdogo wake Juma, walikuwa wamegawana shamba la baba kwa kamba. Kila shamba lilipata urefu wa kamba moja kila upande. La Juma, lililobanwa na njia, liliinama kama rombasi yangu. Tangu msimu wa kupanda hawakusalimiana, na mama alipakua chakula katika sinia mbili.

"Mimi nilimaliza kupanda mihogo kabla ya yeye," Juma alisema. "Shamba yangu iko ndogo. Huyu aliniibia."

"Kamba iko moja!" Rajabu alifoka. "Ulishika mwisho wake na mkono yako! Mimi niliiba na nini, na macho?"

Bwana Mpima aliomba vijiti vinne vya urefu mmoja, akavifunga kwenye pembe kwa uzi, akampa Rajabu mraba huo.

"Afande, sukuma pembe moja. Polepole."

Rajabu akasukuma. Mraba ukainama.

"Pande zimepungua?"

"Hapana. Iko sawa."

"Sukuma tena."

Aliendelea mpaka vijiti vikalaliana na katikati pakafungika kabisa.

"Pande iko sawa," akasema taratibu, "lakini mahali ya kulima imekwisha." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Juma, mimi sikujua."

"Hata mimi, kaka. Nilijua njaa ya tumbo tu."

Tulipima milalo, tukapiga hesabu ya eneo, tukakata ukanda wa mstatili kutoka shamba la Rajabu, tukamwongezea Juma. Kigingi cha kwanza Rajabu alikihamisha mwenyewe. Pande hazikulingana tena. Ardhi ndiyo ililingana.

Mama yao alitupatia chai bila sukari, maana sukari ilikuwa shida. Chakula kilipotoka, kilikuwa katika sinia moja.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii hunionyesha vyombo vyao vipya, nami navisifu kwa dhati. Ila nikiwaona wanawagawia ndugu ardhi, nawaomba wapime kutoka pembe hadi pembe, halafu wakae mpaka chakula kipakuliwe.